Paka wa Ngazini

Maghorofa ya Michenzani, kisiwani Unguja, yalianza kuinuka mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa ramani za wataalamu wa Ujerumani Mashariki, mahali palipovunjwa nyumba za Ng'ambo. Wengi waliopewa makaazi humo walizoea kuta za udongo, mapaa ya makuti na baraza ya mbele ambako mpita njia hakosi kusalimiwa. Baraza haikupanda ghorofani. Palikuwa na ngazi za saruji na milango iliyokabiliana, na nyuma ya kila mlango watu wa mtaa mwingine.

Mtoto mmoja wa kike, wa umri wa miaka minane, alihamia huko mwanzoni mwa miaka ya 1970 na paka wake ndani ya pakacha. Mama yake alikwisha mkataza. Wiki ile ile paka akatoroka. Akakutwa amejilaza juu ya kifusi cha nyumba ya zamani, pale palipokuwa jikoni. Mtoto alirudi naye, mikono yote miwili imekwaruzwa.

Haifai kuwalaumu majirani kwa ukimya wao. Zilikuwa zama za mtu kulipima neno kabla ya kulitoa, maana hakujua litafika wapi. Tena kulikuwa na mgao: mchele, unga na sukari vilipatikana kwa foleni, na aliyejaaliwa kupata hakupenda jirani ajue. Ngazini ilibaki "Shikamoo", "Marahaba", na mlango kufungwa.

Panya hakuwa na habari ya khofu hiyo. Bibi mmoja wa ghorofa ya tatu, mjane, ambaye hakuna aliyepata kuuona ukumbi wake, aliamka akakuta kipolo chake cha mchele kimetobolewa. Akamwita mtoto kwa sauti ndogo: "Mwanangu, niazime paka wako usiku mmoja." Usiku mmoja ukawa wiki nzima, na paka akazalia humo humo, ndani ya sanduku la nguo, juu ya doti ya kanga ambayo bibi hajapata kuivaa.

Ilikuwa aibu, na kanga nazo siku hizo hazikuwa za kuokota. Mama alikwenda kuomba radhi hali hana cha kulipia. Bibi alimkaribisha kitako, akampa chai isiyo na sukari, akacheka. Kesho yake mama alimpelekea sukari ndani ya kikombe, kimefunikwa kwa kawa. Kikombe kile kilikuwa kizito kuliko kilivyoonekana: aliyekipeleka alikuwa amemjuvya jirani kwamba kwake sukari ipo.

Watoto wa paka walikuwa wanne. Mwalimu wa chuo wa ghorofa ya chini, mtu mkali asiyetaniwa, alikumbusha kwamba Abu Hurayra jina lake lilitokana na kitoto cha paka, kisha akachukua wawili. Waliobaki walikwenda ghorofa ya kwanza na ya nne. Waliopata paka wakaanza kuitana "mkwe", kwa mzaha mwanzoni. Punde mkwe wa chini akawa anamshikia mkwe wa juu nafasi katika foleni ya unga, na mjane akawa halali mlango umetiwa komeo kabla ya kugongewa na mmoja wao kuulizwa hali.

Mwaka uliofuata paka alizaa tena. Safari hiyo watoto walikuwa watano, na milango iliyowataka saba.