Ushahidi wa Gitaa

Mtu hujulikana kwa maneno yake, na gitaa kuukuu hujulikana kwa alama zake. Tofauti yao ni kuwa alama haziwezi kuombwa zibadili maneno. Jambo hili nililijua siku ambayo ningalifurahi kutolijua, katika nyumba ya shangazi yangu, kihambani Marangu, kati ya migomba na mibuni.

Shangazi alirithi kwa baba yake gitaa lenye uso uliobinuka kama wa fidla, na matundu mawili ya umbo la herufi f. Dalali mmoja wa mjini Moshi aliliona akasema kuwa ni Gibson ya Marekani, iliyoundwa kabla ya Vita Kuu ya Pili, na kuwa mnunuzi yu tayari. Alichotaka ni karatasi tu, yenye sahihi ya mtu ajuaye ala hizi. Mtu huyo nilikuwa mimi, kwa kuwa nimetengeneza magitaa miaka mingi.

"Mwanangu," alisema shangazi, "andika maneno mawili. Karo ya mdogo wako imo katika kalamu yako."

Nilitoka na gitaa barazani penye mwanga. Dalali alitegemea matundu. Ni kweli kwamba kiwanda cha Gibson, katika mji wa Kalamazoo, kilianza kutoa gitaa la L-5 lenye matundu ya namna hiyo mwishoni mwa 1922, zama za fundi Lloyd Loar. Lakini kizuri hakikosi waigaji, na baada ya muda viwanda vingi viliyafuata. Matundu yale hayakutosha kuwa shahidi.

Nikatazama ukingo wa tundu. Uso ukichongwa katika ubao mmoja, mistari ya mti ionekanayo juu huteremka hadi chini bila kukatika. Hapa niliona matabaka matatu yaliyogandana kama kurasa za kitabu: uso ulishinikizwa, haukuchongwa. Nikatazama shingo. Karibu kabisa na kizingiti kipokeacho nyuzi palikuwa na ufito wa chuma wa ziada, desturi ya mafundi wengi wa Ujerumani. Mwisho niliingiza kioo kidogo tunduni. Karatasi ya ndani ilikuwa imeliwa na wadudu, ila jina la nchi lilisalia: Ujerumani ya Magharibi. Dola hiyo ilizaliwa 1949. Vita vilikwisha 1945. Jina halimtangulii mwenye jina.

Palikuwa na alama moja zaidi. Daraja la gitaa la namna hii halikugandishwa kwa gundi. Hushikwa na mkazo wa nyuzi tu. La asili lilikuwa limepotea, na mahali pake palikaa daraja la mpingo lililochongwa kwa kisu, upande mmoja ukiwa umepunguzwa mara mbili ili sauti zipatane. Shangazi aliponiona nikiligusa alisema, "Hilo alilichonga baba. Alikesha nalo."

Kalamu ikawa nzito mkononi. Nilimweleza yote niliyoyaona. Alinyamaza kitambo kirefu, kisha akauliza, "Basi baba alitudanganya?"

"Hapana, Shangazi. Babu hakusema kamwe kuwa ni Gibson. Aliyesema ni dalali."

Niliandika nilichokiona. Mnunuzi alilichukua gitaa kwa theluthi ya bei ya kwanza, na pengo la karo tukaliziba mimi na shangazi kwa miezi saba, mwezi mmoja yeye, mwezi mmoja mimi. Miezi hiyo sikuona fahari yoyote ya ukweli. Niliona gharama yake.

Mnunuzi alitaka daraja la kiwandani, akaturudishia la mpingo. Sasa limo kabatini mwa shangazi, pamoja na vikombe vya wageni. Halitoi sauti tena, lakini ndicho kitu pekee katika gitaa lile ambacho hakikuhitaji karatasi wala sahihi yangu.