Mgonjwa wa boloko ni mgonjwa wetu

Ndugu zangu wa Musonoi, na ninyi jamaa mliohamishwa kwa sababu ya migodi, leo nasemea wafungwa.

Katika magereza mengi ya Kongo, mfungwa anaishi kwa chakula anacholetewa na jamaa yake. Jamaa ikihamishwa mbali, sahani ile inakatika. Mwili ukidhoofika, kifua kikuu kinapata njia, zaidi kwa mchimbaji aliyekwisha kuvuta vumbi la mgodi. Akifunguliwa, anarudi na kikohozi chake kwa watoto.

Mwaka 2018 watafiti wa Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya Kasulo, hapa Kolwezi. Walipima damu na mkojo wa wakaaji, wakakuta kobalti nyingi, hasa kwa watoto. Ushirika wa namna hiyo naomba ufike gerezani pia. Watafiti wakae na waganga, walinzi, na mama wanaobeba sahani. Kanuni za Mandela za mwaka 2015 zinataka mfungwa atibiwe sawa na mtu wa nje, bila kulipa.

Tukingoja hayo, ndugu yako akitoka boloko, mpeleke kupimwa kifua. Dawa ya kifua kikuu ni ya bure.