Ufa Chini ya Gari

Wengi wenu vijana mwapenda magari ya mbio. Nasi utotoni tulisimuliwa habari za Joginder Singh wa Kenya (nchi, si komini yetu ya hapa Lubumbashi), aliyeshinda Safari Rally siku za Pasaka mwaka 1974 kwa Mitsubishi Lancer. Mafundi wa magari ya namna hiyo huanza na bodi: huongeza sehemu za kulehemu na kuitia vyuma, isijipinde, ndipo hufunga springi na amotisa ngumu.

Sisi hatukufuata utaratibu huo. Basi dogo la chama lilipoanza kuyumba katika njia ya Likasi, tulinunua springi nzito tu, tukajisifu. Baada ya miezi michache shasi ilikatika pale springi ziliposhikiliwa, watoto wa Komunyo ya kwanza wakiimba ndani. Mungu alitulinda, hakuna aliyeumia. Springi zile hazikulainisha tena mashimo; kila pigo lilikwenda moja kwa moja kwenye chuma kilichochoka.

Fundi akatuuliza kwa upole kama hatukuuona ufa ule mapema. Tuliuona. Tuliona haya kuwaomba wazazi fedha mara ya pili.