Gia ya Nguvu, Gia ya Subira

Neno nguvu hubebeshwa maana nyingi katika lugha yetu, na wakati mwingine mzigo huo humpotosha msikilizaji. Niliyatafakari haya mdogo wangu alipobadilisha gia za transfa ya Hilux yake kuukuu, nao majirani wakasema gari limeongezwa nguvu.

Transfa ni kisanduku cha chuma kilicho nyuma ya giaboksi, kinachopeleka mzunguko kwenye magurudumu ya mbele na ya nyuma. Katika Hilux nyingi za zamani, gia yake ya chini ina uwiano wa 2.28 kwa 1: shafti inayoingia huzunguka mara 2.28 ndipo propela izunguke mara moja. Gia mbadala, zilizobuniwa kwa ajili ya wapanda miamba, huufikisha uwiano huo 4.70 kwa 1. Injini ni ile ile, haikuongezewa hata nguvu ya farasi mmoja. Gari hutoa zaidi ya nusu ya kasi yake ya gia ya chini, likapokea msukumo unaozidi mara mbili. Gia ya juu hubaki 1 kwa 1, hivyo kwenye lami mwendo haubadiliki.

Mdogo wangu huteremsha kabichi na abiria kutoka vijiji vilivyo juu ya Lushoto. Fedha za gia zilikuwa akiba yake ya kuezekea nyumba, nami nikamuuliza kama kupanda mlima kunastahili gharama hiyo.

“Kaka,” akanijibu, “nikishindwa kupanda nitasimama. Nikishindwa kushuka, nani atanisimamisha?”

Sasa injini yenyewe hulizuia gari mteremkoni, na breki hazichemki kama zamani. Hata hivyo fundi alimwonya: msukumo ule maradufu huishia kwenye propela, difu na ekseli, ambazo hazikubadilishwa. Akikanyaga mafuta kwa pupa, kilicho dhaifu kitavunjika.

Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga. Nilizoea kuisikia methali hiyo kama faraja ya asiyeweza kukimbia. Pale Usambara, juu ya magunia ya kabichi, kuna mama aliyempakata mtoto, na upole wa gari ndio unaomfikisha sokoni. Mafundi na waiite gia ya nguvu. Mimi ningeiita gia ya subira. Nawe msomaji, kwenu mnaiitaje?