Nilivyopita Ulaya Nikielekea Mikumi

Mama alinisindikiza mpaka stesheni, akanikabidhi chapati nne na onyo moja. Chapati zilikwisha kabla ya Ngerengere. Onyo nilikuwa nalo tangu darasa la saba: mtoto wa kike haendi mahali asikojuana na mtu. Nina miaka 26, nina kazi, na hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kusafiri peke yangu kwenda mahali nisikoitwa na harusi wala msiba.

Nilijua onyo lile limetoka wapi, maana nilikuwa nimelibeba mkobani. Ni Rosa Mistika, nakala ya Mama mwenyewe, iliyovalishwa gazeti lililogeuka rangi ya chai. Euphrase Kezilahabi aliitoa mwaka 1971, nayo ikapigwa marufuku shuleni. Mama aliisoma bwenini kwa tochi, chini ya shuka. Rosa wa Ukerewe anachapwa na babake kwa ajili ya barua ya mvulana, anachungwa asiongee na mwanamume yeyote, kisha anavuka ziwa kwenda kusoma Mwanza akiwa hajui la kuwafanya wanaume wala la kujifanya yeye. Anaharibikiwa, na mwishowe anajiua. Mimi nikiisoma naona Kezilahabi anamnyooshea kidole Zakaria, baba mlevi anayedhani fimbo ndiyo malezi. Mama alitoka na jingine kabisa: asingevuka ziwa yule.

Treni ya SGR ya kawaida, si ile ya haraka, ndiyo inayosimama Kilosa. Nilishuka nikapanda bodaboda kuingia mjini, nikamwambia kijana nataka kufika Berega. Alizima pikipiki ili acheke vizuri. "Dada, Berega ni kule Ukaguru. Ungeshika njia ya Dumila, ya kwenda Dodoma." Kwenye ramani ya simu nilikuwa nimeona neno Wilaya ya Kilosa, basi nikajiona nimefika. Berega sikuiona. Nilikunywa chai kwa mama lishe mmoja karibu na reli ya zamani, akanionyesha kwa mwiko mahali maji ya Mto Mkondoa yalikofika katika mafuriko yaliyoingia mwaka 2010. Yaling'oa hata reli, alisema, halafu akaniuliza kama nimeolewa.

Berega nilikuwa naitafuta kwa sababu ndiko alikozaliwa Penina Muhando, mwaka 1948. Wengi wanamfahamu kama Profesa Mlama wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tamthilia yake Hatia ilitoka mwaka 1972, mwaka mmoja tu baada ya Rosa. Humo pia kuna msichana, kuna mji na kuna mimba, lakini kichwa chenyewe kimeshauliza swali ambalo kijiji hakipendi kuulizwa: hatia ya nani? Mwaka 1996 yeye na wenzake wakaanzisha Tuseme, mpango ulioingia kwenye shule za sekondari ukawaacha wasichana wachambue wenyewe kinachowakwamisha, kisha wakifanye mchezo, ngoma na wimbo mbele ya walimu wao. Napenda riwaya kuliko mchezo wa kuigiza, sikatai. Ila Rosa alisemewa kurasa zote zile, na angepewa nusu saa ya jukwaa mbele ya Zakaria, sijui kitabu kingeishia wapi.

Kosta ya Mikumi iliondoka ilipojaa, si saa iliyotajwa. Vumbi liliingia hata kwenye madirisha yaliyofungwa. Tulipokaribia kata moja konda alipaza sauti, "Wa Ulaya, jiandaeni!" Mama mmoja akashuka Ulaya na ndoo yake ya nyanya na kuku wawili. Nilimkumbuka Monaa wa Zainab Burhani katika Mwisho wa Kosa, riwaya ya mwaka 1987, anayerudi nyumbani kutoka masomoni Ulaya ile nyingine. Nikacheka peke yangu, na jirani yangu wa kiti akataka kujua kilichonichekesha.

Alikuwa binti wa miaka kama 20, na mtoto mgongoni. Anauza mitumba Mikumi na jioni anasomea QT, ule Mtihani wa Maarifa. Aliachishwa shule kwa mimba kabla ya tangazo la Novemba 2021 lililowaruhusu waliojifungua kurudi darasani. "Lilinikuta nimeshaweka genge," alisema, kama anayesimulia kukosa basi. Yeye naye ni msomaji: hadithi za simu, zinazotumwa sehemu baada ya sehemu, na ukitaka kuendelea unalipia. Dada wa hadithi yake alikuwa ameachwa na mchumba sehemu ya kumi na sasa anafungua saluni.

"Na huyo wako?" aliuliza, akigusa gazeti la Mama. Nikamsimulia Rosa mpaka mwisho. Alisonya. "Sasa mwandishi alishindwa nini kumrudisha nyumbani?"

Nilianza kumweleza habari za jamii kukosolewa na msiba kuwa funzo. Mtoto akalia, akamgeuza akamnyonyesha, nami nikanyamaza. Sikuwa na jibu ambalo lingemtosha hata mimi.

Mikumi tulifika jua likizama. Malori ya Zambia yalikuwa yamepangana kandokando ya barabara kuu, madereva wakila kabla au baada ya kuikata hifadhi. Yule binti alinionyesha nyumba ya wageni ambayo mwenyewe ni mama mtu mzima, akanikumbusha nifunge komeo la juu, lile la chini ni bovu. Kitabu aliniomba. Nikampa, gazeti na yote.

Simu ikaita.

"Umefika?"

"Nimefika, Mama."

"Uko na nani hapo?"