Novemba 1982, Kiritimati

Katikati ya mwaka 1982 meli yetu ilipoteremsha mchele na unga katika kijiji cha London, kisiwani Kiritimati, hatukuweza kulala kwa kelele za buabua. Mimi ni mtoto wa Kizimkazi. Buabua hao wenye mgongo mweusi wanazaliana hata kwetu, kwenye Fungu la Kizimkazi, lakini wingi ule sikuwa nimeuona. Walitanda angani usiku na mchana, na chini yao mayai yalizagaa mchangani hata hujui pa kukanyaga.

Tuliporudi Novemba, kisiwa kilikuwa kimya.

Mvua ilikuwa ikimwagika katika nchi ambayo kwa kawaida ni kame. Nilidandia lori la wakata nazi hadi kwenye nyanda za ndani, maana Kiritimati ndiyo atoli yenye nchi kavu kubwa kuliko zote duniani, karibu kilomita za mraba 388. Makinda yalikuwa yamekufa kila mahali. Juu ya vichaka vifupi makinda ya frigata, meupe kwa manyoya laini, yalikuwa bado yamesimama, midomo wazi, yakingoja wazazi. Mzee mmoja tuliyekuwa naye alivua kofia. Wote tulidhani ni maradhi.

Haikuwa maradhi. Ralph na Elizabeth Anne Schreiber, watafiti waliokuwa wakiwachunguza ndege wa hapo, waliandika mwaka 1984 kwamba ndege wapatao milioni 17 walikuwa wametoweka. Ilikuwa El Niño. Pepo za mashariki zililegea, maji ya moto yakatanda juu, na yale ya baridi yenye rutuba yakaacha kupanda. Vidagaa na ngisi wakaadimika. Buabua huyo hawezi kutua baharini akapumzika, kwa kuwa manyoya yake hulowa. Anategemea jodari wawafukuze samaki wadogo hadi juu, naye awadake akiwa hewani. Jodari wasipokuja, hana chakula.

Nimesikia watu wakiwalaumu wazazi wale kwa kutelekeza watoto. Nakataa kabisa. Buabua huweza kuishi zaidi ya miaka 30 na hutaga yai moja tu kwa msimu. Angekaa kiotani angekufa yeye, na kinda lingekufa vilevile.

Jambo jingine nililifahamu baadaye sana. Siku ile pembezoni mwa wangwa walikuwepo ndege wa ufukweni waliohamia kutoka Alaska: wale wadogo wenye madoa ya dhahabu mgongoni, na yule mkubwa mwenye mdomo mrefu uliopinda, ambaye akibadili manyoya huko visiwani hushindwa kuruka kwa muda. Walikuwa wakitembea taratibu, wakidonoa vikaa na wadudu, wazima kabisa. Riziki yao ilikuwa nchi kavu na kwenye matope. Jibu lilikuwa mbele ya macho yetu: kisiwa hakikuwa na tatizo, bahari ndiyo iliyokuwa imewanyima wale wengine.

Mwaka uliofuata baharia mwenzangu alipita huko. Akaniambia buabua wameanza kurudi, ingawa si kwa wingi ule. Nikamwuliza habari za frigata kwenye vile vichaka. Hakuwa ameshuka melini.