Pua Yangu na Sindano

Pua yangu ni pana. Nilipokuwa mchanga, marehemu nyanya aliifinya kwa mafuta asubuhi na jioni ili isimame. Wapi! Ilikua ilivyotaka.

Sasa binamu yangu wa Nairobi anaweka akiba adungwe sindano puani. Nilimwuliza mwalimu wa Biolojia, naye akanifafanulia. Kinachodungwa mara nyingi ni asidi ya hayaluroniki, kitu mfano wa jeli. Hujaza bonde la mgongo wa pua hata ionekane imenyooka, kisha baada ya miezi kadhaa huyeyuka. Lakini jamani, hujaza tu, haipunguzi! Tena ikiingia kwenye mshipa wa damu, ngozi yaweza kuoza au jicho kupofuka. Mnamo 1903 mrembo wa Kimarekani, Gladys Deacon, alidungwa nta ya parafini puani. Ikateremka mpaka kidevuni.

Binamu aliposikia hayo alinuna. "Wewe hujawahi kuitwa Soketi mbele ya darasa zima."

Nimeitwa, tena mabaya zaidi. Ndiyo sababu sikumcheka. Nilimsihi tu amwone daktari halisi, asiende saluni. Mpaka leo hajanijibu.